Dawa na mitishamba ya kutuliza wasiwasi: kipi kinafanya kazi, kwa kiasi gani, na kipi kibaki rafuni

Anayetafuta kitu cha kutuliza wasiwasi huuliza kama kinafanya kazi. Angeuliza pia kinaanza kazi lini, na siku ya kukiacha kitaachika vipi. Majibu ya maswali hayo mawili huenda kinyume: dawa inayotuliza ndani ya nusu saa mara nyingi ndiyo ngumu kuiacha, na ile inayofaa kutumika mwaka mzima hukaa wiki kadhaa bila kuonyesha chochote. Wengi wanaolalamika kwamba dawa fulani haifai waliichukua ya kundi moja wakitarajia kazi ya kundi jingine.

Kabla ya kununua chochote, kuna vitu vinavyoiga wasiwasi na havitibiwi kwa dawa ya wasiwasi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi; kipimo cha damu cha TSH kinaibaini. Upungufu wa damu nao huupeleka moyo mbio. Salbutamoli ya pumu, dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini, na steroidi kama prednisoloni zote zinaweza kumfanya mtu ahisi ameshikwa na hofu. Kisha kuna kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo kinachotajwa sana ni mg 400 kwa siku, lakini mwenye hofu za ghafla anaweza kuchokozwa na kiasi kidogo kuliko hicho. Kumeza kapsuli za kutuliza asubuhi huku unakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ni kutupa pesa. Punguza kafeini taratibu kwa wiki moja au mbili, la sivyo maumivu ya kichwa yatakudanganya kwamba hali imekuwa mbaya zaidi.

Dawa za kila siku

Kundi ambalo madaktari wengi huanza nalo ni SSRI, dawa zinazopandisha serotonini, kemikali ya mawasiliano ya ubongo: sertralini, esitalopramu, paroksetini, fluoksetini. Ushahidi wake kwa wasiwasi wa muda mrefu, hofu za ghafla na hofu ya kukaa mbele ya watu ni mpana kuliko wa mmea wowote utakaotajwa hapa chini. Shida yake ni mwanzo. Serotonini hupanda kati ya seli za ubongo tangu dozi za kwanza, ila seli zenyewe huchukua wiki kadhaa kujirekebisha. Katika kipindi hicho, hasa siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo, mtu anaweza kuhisi kichefuchefu, kutotulia, usingizi wa mang'amung'amu, hata wasiwasi kuzidi. Ndiyo sababu kwa mwenye hofu za ghafla sertralini huanzishwa kwa mg 25 kwa wiki moja, kisha mg 50, na kupandishwa polepole ikibidi hadi mg 200. Esitalopramu huanza na mg 5 au 10, na kikomo cha kawaida ni mg 20. Kwa wenye miaka zaidi ya 65 miongozo ya Ulaya inakomea mg 10 kwa sababu ya mapigo ya moyo.

Makosa yanayoharibu matibabu haya ni mawili. La kwanza ni kuacha katika wiki ya pili, wakati maudhi yamefika na nafuu bado haijafika. La pili halisemwi sana: kubaki kwenye dozi ya kuanzia miezi mitatu, minne, kisha kuhukumu kwamba dawa haifanyi kazi. Hukumu ya haki hutolewa baada ya wiki nne hadi sita kwenye dozi inayotosha. Ikileta nafuu, huendelezwa miezi sita hadi kumi na miwili, kwa kuwa kuikatisha mara tu mtu anapojisikia vizuri huongeza uwezekano wa hali kurudi.

Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula. Ikikunyima usingizi, imeze asubuhi. Ikikusinzisha, imeze jioni. Kuchelewa kufika kileleni na kupungua kwa hamu ya tendo ni maudhi ya kawaida ambayo mara nyingi hayaondoki yenyewe, na watu huacha dawa kimya kimya kwa ajili yake kuliko kumwambia daktari anayeweza kubadilisha dozi au dawa. Kwa wazee, hasa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, chumvi ya damu inaweza kushuka, na dalili yake ya kwanza huenda ikawa kuchanganyikiwa au kuanguka. Ukichanganya na ibuprofeni au aspirini, hatari ya kutoka damu tumboni hupanda. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa zinahitaji macho ya mtu wa karibu, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Yakijitokeza, mtafute daktari siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Kuacha nako kuna ufundi wake. Paroksetini hutoka mwilini haraka, kwa hiyo ukiikata ghafla huja kizunguzungu, hasira, ndoto kali na ile hali wagonjwa wanayoieleza kama umeme kupita kichwani. Fluoksetini hutoka polepole mno, ndiyo maana huleta usumbufu mdogo. Miligramu za mwisho ndizo ngumu. Kushuka kutoka mg 50 za sertralini hadi 25 huenda kusihisiwe sana, ila kutoka mg 12.5 hadi sifuri kukahisiwa, kwa sababu dozi ndogo tayari inashikilia sehemu kubwa ya protini zinazosafirisha serotonini, ambazo ndizo zinazolengwa na dawa. Hatua za kushuka ziwe fupi zaidi kadiri unavyokaribia mwisho.

Venlafaksini na duloksetini, za kundi la SNRI, linalopandisha serotonini na noradrenalini pia, zinafuata mantiki hiyo hiyo. Venlafaksini inahitaji shinikizo la damu lipimwe, na katika kuacha ni msumbufu sawa na paroksetini. Ukisahau dozi moja asubuhi, jioni mwili unakukumbusha.

Buspironi haithaminiwi inavyostahili. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha dawa hii mwaka 1986. Haileti utegemezi na haisinzishi sana, na tendo la ndoa haliliathiri kama SSRI. Huanza kwa mg 7.5 mara mbili kwa siku na kuongezwa mg 5 kila baada ya siku mbili tatu, kikomo kikiwa mg 60. Kinachoiharibia jina ni matumizi mabaya: wengi humeza kidonge kimoja siku wanapobanwa, wakati inahitaji wiki mbili hadi nne za kumezwa bila kuruka. Chagua pia kama utaimeza na chakula au bila chakula, kisha usibadilishe, kwa sababu chakula hubadilisha kiasi kinachoingia kwenye damu. Juisi nyingi ya balungi hukipandisha kiasi hicho mno. Kwa hofu za ghafla, haisaidii.

Pregabalini iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006 kwa wasiwasi wa jumla, na huonyesha nafuu ndani ya wiki moja, haraka kuliko SSRI. Bei yake ni kizunguzungu, kusinzia, kuongezeka uzito, na tabia ya kuzoeleka. Uingereza iliiweka kwenye dawa zinazodhibitiwa tangu Aprili 2019. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni asiichanganye nazo bila daktari kujua, maana pumzi inaweza kuzimika.

Zile za haraka

Benzodiazepini ndizo zinazofanya kile ambacho kila mtu angependa dawa ya wasiwasi ifanye. Klorodiazepoksidi iliingia sokoni mwaka 1960, diazepamu ikafuata 1963, na zimebaki kwa sababu kweli zinatuliza. Huipa nguvu GABA, kemikali inayopoza mawasiliano ya seli za ubongo, na ndani ya dakika thelathini hadi sitini misuli inalegea na mawazo yanapungua mwendo. Kwa shambulio kali, kwa hofu kabla ya upasuaji, au kuziba pengo la wiki za mwanzo za SSRI, zina nafasi yake halali. Nje ya hapo ni mkopo wenye riba.

Kikomo kinachotajwa na miongozo mingi ni wiki mbili hadi nne. Ubongo unaopozwa kila siku hujibu kwa kujichangamsha zaidi, hivyo dozi ile ile hupungua makali, na dawa ikiondolewa uchangamfu ule hubaki peke yake bila kizuizi. Hapo ndipo arosto inapoingia: kutetemeka, kukosa usingizi, jasho, na kwa waliotumia dozi kubwa kwa muda mrefu, degedege linaloweza kuua. Anayetumia kila siku zaidi ya mwezi asikate ghafla kwa ushujaa wowote ule. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne, chini ya daktari, ndiyo njia inayovumilika.

Alprazolamu inahitaji maneno yake peke yake. Kwanza, udogo wa namba kwenye kidonge unadanganya: mg 0.5 ya alprazolamu inakaribia nguvu ya mg 10 ya diazepamu. Pili, nusu yake hutoka mwilini kwa takribani saa kumi na moja, hivyo anayeitumia mara kwa mara huanza kuhisi wasiwasi kati ya dozi moja na nyingine. Hudhani ugonjwa umezidi, huongeza kidonge, na mduara unajifunga. Diazepamu na mabaki yake hukaa mwilini siku kadhaa. Kwa kuacha hilo ni jambo jema, kwa sababu mwili hushuka taratibu. Kwa mzee ni baya, kwa sababu dawa hujikusanya, kumbukumbu hufifia na nyonga huvunjika usiku akienda msalani.

Pombe, tramadoli, mofini, hata dawa ya kikohozi yenye kodeini: hakuna hata kimoja kinachochanganywa na kundi hili. Mwaka 2016 FDA iliagiza onyo lake kali zaidi liandikwe kwenye pakiti za benzodiazepini na za afyuni kuhusu mchanganyiko huo, na mwaka 2020 ikaongeza onyo la utegemezi na uraibu.

Propranololi ni jambo tofauti kabisa, na kwa kazi yake ndogo ni nzuri sana. Haigusi mawazo, inazuia adrenalini isipeleke moyo mbio na isitetemeshe mikono na sauti. Kwa hotuba, usaili au jukwaa, mg 10 hadi 40 kama saa moja kabla hutosha. Ijaribu kwanza siku ya kawaida ukiwa nyumbani, kwa kuwa kuna wanaoshukwa na shinikizo la damu hadi kizunguzungu, na jukwaani si mahali pa kuligundua hilo. Mwenye pumu asiiguse. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole au baadhi ya matatizo ya umeme wa moyo pia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ajue kwamba huficha mapigo ya mbio na mtetemo unaoashiria sukari kushuka, na kumwachia jasho tu kama ishara. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa kutwa nzima, usiokuwa na tukio, haisaidii chochote cha maana. Vidonge vingi kwa mpigo ni hatari sana kwa moyo, kwa hiyo isihifadhiwe kwa wingi katika nyumba yenye mtu anayewaza kujidhuru.

Hidroksizini, ya jamii ya dawa za mzio, hutuliza bila kuleta utegemezi. Inasinzisha na kukausha mdomo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliweka kikomo cha mg 100 kwa siku kwa watu wazima kwa sababu ya mapigo ya moyo. Usiku inakubalika, mchana, kwa anayeendesha gari au mashine, haifai.

Kusoma lebo ya mtishamba

Jina la mmea kwenye chupa halikuambii karibu kitu. Unachonunua ni dondoo, yaani viambato vilivyotolewa kwenye mmea na kukolezwa, na dondoo mbili za mmea mmoja zinaweza kutofautiana kwa nguvu mara kumi. Lebo inayostahili pesa yako ina jina la Kilatini la mmea, sehemu iliyotumika, yaani mzizi, jani au ua, asilimia ya kiambato kinachopimwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kukikosekana viwili kati ya hivyo, irudishe.

Kuna ujanja miwili wa kuukwepa. Wa kwanza ni ule wa «sawa na mg 5000 za mzizi»: maana yake ni kwamba kapsuli ina mg 500 za dondoo ya kumi kwa moja, yaani kila sehemu kumi za mzizi zimetoa sehemu moja ya dondoo. Namba kubwa imewekwa kwa ajili ya macho. Wa pili ni mchanganyiko wa siri, ambapo lebo inasema mg 500 za mimea sita bila kutaja kila mmoja una kiasi gani. Fanya hesabu mwenyewe. Kama mmea mmoja tu kati ya hiyo sita unahitaji mg 300 hadi 600 peke yake, wote hawawezi kuenea humo kwa dozi inayofanya kazi. Nembo za ukaguzi kama USP Verified na NSF zinathibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo na kwamba hakuna uchafu kupita kiwango. Hazisemi kwamba kinatibu. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho havihitaji kuidhinishwa kabla ya kuuzwa, na sehemu kubwa ya bidhaa za mtandaoni hutoka chini ya utaratibu huo.

Mimea yenyewe

Ya kwanza kwa uzito wa ushahidi ni mafuta ya lavenda ya kumeza, aina iitwayo Silexan, ambayo Ujerumani huuzwa kama dawa kwa jina la Lasea. Kapsuli moja ya mg 80 mara moja kwa siku. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 539 walifuatiliwa kwa wiki kumi. Mg 80 na mg 160 zote zilishinda kidonge kisicho na dawa, na ziliwekwa pembeni ya paroksetini ya mg 20 bila aibu. Tafiti zake nyingi zimegharamiwa na mtengenezaji, na hilo lipunguziwe alama, lakini ni nyingi na zinaelekea upande mmoja. Haileti utegemezi na haisinzishi. Kasoro yake ni mbeuo wenye harufu ya sabuni kwa saa moja hivi. Meza na maji baridi, ukiwa umekaa, usilale papo hapo, usitafune. Ipe wiki mbili hadi sita. Chupa ya mafuta ya lavenda ya kunusia si mbadala wake, na matone yake yasinywewe: kipimo hakijulikani, na mafuta hayo hayakutengenezwa kwa tumbo.

Ashwagandha, Withania somnifera, ndiyo inayotangazwa kuliko zote sasa hivi. Dondoo mbili zinazojulikana zaidi ni KSM-66, ya mzizi pekee yenye angalau asilimia 5 ya withanolaidi, kiambato chake kinachopimwa, na Sensoril, ya mzizi na majani yenye angalau asilimia 10. Mg 300 za ya kwanza zinakupa mg 15 za withanolaidi. Mg 125 za ya pili zinakupa mg 12.5. Kwa hiyo kapsuli ndogo haina maana ya kapsuli dhaifu. Dozi iliyotumika sana kwenye majaribio ni mg 300 mara mbili kwa siku kwa wiki nane. Matokeo yanatia moyo: msongo na kotisoli, homoni ya msongo, hupungua. Ila majaribio ni madogo na mafupi, na mengi yana mkono wa wauzaji. Upande wa pili wa mizani una ripoti za ini kuumia, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa za matumizi, macho yakawa ya manjano na ngozi kuwasha. Inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, hivyo anayetumia levothyroksini au mwenye tezi iliyochangamka asiiguse. Mjamzito pia asiiguse. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Kwa mtu mwenye afya, miezi miwili hadi mitatu kisha kupumzika ni matumizi yanayoeleweka. Kuimeza miaka ni kamari, kwa sababu hakuna majaribio ya muda huo. Wengine huhisi ganzi ya hisia, hawana huzuni wala furaha. Hiyo ni sababu tosha ya kuacha.

Kava, Piper methysticum, ni mzizi wa visiwa vya Pasifiki ambao Vanuatu, Fiji na Tonga huutwanga na kuunywa kwa maji. Kwa kweli hutuliza, na ndani ya saa moja. Lakini dondoo za kiwandani zilihusishwa na ini kuharibika, Ujerumani ikaziondoa sokoni mwaka 2002, na mahakama ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2014. Watetezi wake husema kosa lilikuwa kutumia maganda ya shina, aina duni za mmea na viyeyushi vya kemikali badala ya maji. Huenda wana hoja. Tatizo ni kwamba jaribio la wiki 16 lililochapishwa mwaka 2020, likitumia dondoo ya mzizi kwa maji, halikuona ishinde kidonge kitupu kwa wasiwasi wa jumla, na vipimo vya ini vilivurugika zaidi kwa walioitumia. Ukipima faida na hatari, ibaki rafuni. Mnywaji wa pombe, mwenye homa ya ini au anayemeza parasetamoli mara kwa mara asifikirie hata kuijaribu.

Kamomili ni ya upole na salama kiasi. Majaribio yalitumia kapsuli za mg 500 mara tatu kwa siku, kiasi ambacho kikombe kimoja cha chai hakikifikii. Kama ni chai, funika kikombe dakika tano hadi kumi ili mafuta yake yasipae na mvuke. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti ajihadhari, na anayetumia warfarini aulize kwanza.

Pasiflora inayohusika ni Passiflora incarnata, mmea wa juu ya ardhi uliokaushwa. Si ile pasheni ya kukamua juisi, na lebo isiyotaja spishi inaweza kuwa ya yoyote. Jaribio lake linalotajwa sana, la mwaka 2001, lilikuwa na watu 36 tu. Valeriani inanuka kama soksi, inafaa zaidi kwa usingizi kuliko wasiwasi, na hata huko matokeo yanapingana. Rhodiola rosea ni ya uchovu wa msongo: mg 200 hadi 400 asubuhi, dondoo yenye asilimia 3 ya rosavini. Jioni itakukesha, na kwa mwenye hofu za ghafla inaweza kuchochea.

L-thianini, asidi amino ya majani ya chai, kwa mg 200 huleta utulivu mdogo ndani ya saa moja bila kusinzisha. Udogo wake ndio ukweli wake. Kwa siku ya mtihani inafaa, kwa ugonjwa haitoshi.

Magnesiamu husaidia zaidi pale mwili unapopungukiwa nayo, na ndipo wauzaji wanapochanganya watu. Oksidi ina magnesiamu nyingi kwa uzito, kama asilimia 60, lakini hufyonzwa vibaya na inayobaki huharisha. Glisineti hufyonzwa vizuri, ila ina takribani asilimia 14 tu; «mg 1000 za glisineti» ni kama mg 140 za magnesiamu halisi. Tafuta namba ya magnesiamu halisi. Kikomo cha nyongeza ni mg 350 kwa siku Marekani na mg 250 Ulaya. Mwenye figo mbovu asitumie bila daktari. Magnesiamu pia hukamata dawa nyingine tumboni: doksisiklini, siprofloksasini, levothyroksini na dolutegraviri zitenganishwe nayo kwa saa kadhaa. Dolutegraviri, kwa mfano, imezwe saa mbili kabla au saa sita baada yake.

CBD, kiambato cha mmea wa bangi kisicholevya, nayo ina tatizo la namba. Majaribio ya kuzungumza mbele ya watu yalipata nafuu kwenye mg 300 kwa mkupuo, wakati matone ya kawaida ya dukani hutoa mg 10 hadi 25. Uchunguzi wa bidhaa 84 za mtandaoni uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta asilimia 31 tu ndizo zenye kiasi kilichoandikwa.

Vinavyohitaji tahadhari ya juu

Hypericum perforatum, ambayo kwenye chupa huandikwa St. John's wort, ina ushahidi mzuri kwa sonona ya kadiri. Kwa wasiwasi ushahidi ni mwembamba. Tatizo lake ni kwamba huliamsha ini lisage dawa nyingine haraka kupita kawaida. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kushindwa. Dawa za VVU, warfarini, digoksini, siklosporini na takrolimasi ya waliopandikizwa viungo hushuka kwenye damu, na athari hudumu kama wiki mbili baada ya kuacha. Ikikutana na SSRI, tramadoli au 5-HTP (kirutubisho kinachogeuka serotonini mwilini), serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: kutetemeka, jasho, kuharisha, homa, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Anayetumia dawa yoyote ya kudumu asiguse mmea huu kabla ya kuongea na mfamasia.

Fenibati huuzwa mtandaoni kana kwamba ni kirutubisho. Ni dawa iliyobuniwa Umoja wa Kisovyeti, inayofanya kazi kwenye mfumo wa GABA, na kuiacha baada ya wiki chache za kila siku kunaweza kuwa kugumu kama kuacha benzodiazepini. Isinunuliwe.

Mtishamba unaotuliza kwa nguvu ndani ya dakika ishirini utiliwe shaka. Mwaka 1998 FDA ilitoa onyo kuhusu vidonge vya usingizi vilivyouzwa kama vya asili, kumbe ndani mna estazolamu, ambayo ni benzodiazepini. Unga usio na lebo, uliofungwa kwenye karatasi na wenye matokeo ya ajabu, unaweza kukupa uraibu ambao daktari hatauelewa, kwa sababu wewe mwenyewe hujui unatumia nini.

Namna ya kujaribu

Anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukianza lavenda, magnesiamu na ashwagandha wiki moja kisha ukapata nafuu au vipele, hutajua ni kipi. Kabla ya dozi ya kwanza jaza fomu ya GAD-7, yenye maswali saba na alama 0 hadi 21: kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Irudie kila wiki mbili siku ile ile. Mwenye 5 hadi 9 anaweza kuanza na lavenda au kamomili huku akirekebisha usingizi na kafeini. Mwenye 10 na zaidi amwone daktari kwanza, na aulize pia kuhusu tiba ya mazungumzo ya CBT, ambayo kwa wasiwasi inalingana na dawa na haina maudhi ya tumbo. Kama alama hazijasogea baada ya wiki nane kwa dozi sahihi, acha bidhaa hiyo. Kuongeza mara mbili ya dozi ya lebo huongeza maudhi kuliko nafuu.

Andika orodha moja ya kila unachomeza, mitishamba ikiwemo, na ionyeshe kila unapoandikiwa dawa mpya. Kukiwa na upasuaji uliopangwa, mitishamba isimamishwe wiki mbili kabla, maana kava na valeriani zinaweza kuongeza usingizi wa dawa za ganzi na nyingine huvuruga kuganda kwa damu. Dawa za daktari zenyewe zisisimamishwe hivyo: mtaalamu wa ganzi ndiye atakayesema ipi iendelee hadi asubuhi ya upasuaji.